Waifai haiingii kwenye banda la mabati, nimechoka kutoka nje na simu mkononi

MamaTrei88

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, na tafadhali msiniambie nikagoogle, huko nimeshapita nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Niko Kibaha. Nyumbani tuna faiba, ruta iko sebuleni na ndani ya nyumba sina lawama kabisa, watoto wanaangalia katuni huku mi naongea na dada yangu wa Mtwara kwa video na haikati. Shida ni nyuma. Nina banda, nimelipima kwa hatua toka ukuta wa jikoni ni kama mita 55, mabati juu mabati pembeni pande zote nne, mlango wa bati, madirisha mawili yana wavu wa chuma wa kuzuia vicheche, na chini ya paa nimetandaza ile foili ya kung'aa ya kupunguza joto. Humo ndo natotoleshea vifaranga, mashine ya mayai 1,056, trei 12 za mayai 88.

Sababu ya kuhangaika ni hii. Mwezi wa tatu feni ya mashine iligoma usiku mi nimelala zangu, asubuhi nafungua mlango nakutana na joto usoni, kipimajoto kinasoma 40.6, mayai ya siku ya 14. Sikuyatupa, nikajipa moyo nikasubiri mpaka siku ya 21 na mbili za nyongeza, wakatoka 61. Sitini na moja kwenye mayai elfu moja hamsini na sita. Nilikaa pale kwenye ndoo nikacheka kama chizi.

Basi nikanunua sensa ya joto na unyevu inayotuma taarifa kwenye simu, na kamera ndogo maana wezi wa kuku nao wapo. Vyote vinataka waifai. Nikanunua repita nikaichomeka humo humo bandani, simu inaonyesha vipau vimejaa mpaka juu lakini hakuna kinachofunguka, kiduara kinazunguka tu. Nikanunua ya pili nikidhani ya kwanza mbovu, yaleyale. Fundi mmoja akasogeza ruta mpaka dirisha la jikoni, hapo mlango wa banda ukiwa wazi unapata kidogo, ukifunga imekufa, na mlango siwezi kuuacha wazi, joto na unyevu vinayumba. Mwingine ananiambia ninunue ruta ya antena nane. Hela nimeshatumia, sasa naogopa kununua kitu cha tatu cha kuning'iniza ukutani kama picha ya harusi. Nifanyeje?

kichwa_ngumu

Mkuu weka ruta ya laini humo humo, nunua bando la mwezi, kazi imeisha.

MamaTrei88

Nilijaribu kwa hotspoti ya simu. Humo ndani hata mnara haushiki, mteja akitaka kunipata basi awe na bahati anipigie nikiwa nje nachota maji. Afu ni dada, sio mkuu 😂

fundi_waya

Pole sana dada kwa hao vifaranga. Kwanza achana na habari ya antena nane, hata ziwe ishirini. Tatizo lako sio ruta kukosa nguvu, tatizo ni kwamba umejenga boksi la chuma na mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma, yanagonga yanarudi. Mwaka 1836 kuna Mwingereza anaitwa Michael Faraday alikifunika chumba kizima kwa foili ya chuma ili kuonyesha umeme wa nje hauingii ndani, sasa wewe Kibaha umejenga cha kwako na foili umeweka kabisa, hongera.

Utasema mbona kuna madirisha. Hayo madirisha yana wavu, na wimbi la waifai ya 2.4 (gigahezi hizo) lina urefu wa kama sentimita 12, ile ya 5 ni kama sentimita 6 au pungufu kidogo. Tundu la wavu wako ni sentimita moja na ushee. Kwa wimbi, wavu huo ni sawa na bati tu. Ukitaka ushahidi angalia mlango wa maikrowevu, una kile kiwavu chenye vitundu unachungulia chakula kinazunguka ndani, mwanga unapita lakini mawimbi ya kupikia hayatoki, na maikrowevu inatumia mawimbi ya kundi lile lile la 2.4. Kinachoingia bandani kwako kinapenya kwenye nyufa za mlango na pale mabati yanapopishana, ndo maana ukifungua mlango unapata na ukifunga unakosa. Na ndo maana laini ya simu nayo inakufa humo, maana mnara nao unatuma mawimbi.

Kuhusu repita. Repita ni kama watu wanaopokezana ndoo toka kisimani. Ukimweka mtu mahali ambapo ndoo hazimfikii, atapokeza nini? Vile vipau vilivyojaa kwenye simu ni vya kati ya simu na repita, sio vya kati ya repita na ruta, ndo maana vimejaa na maji hakuna. Hazikuwa mbovu hata moja kati ya mbili ulizonunua, uliziweka upande wa bati ambao ndoo hazifiki. Na hata ungeziweka nje ukutani, repita za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa redio ile ile moja kwa hiyo spidi inakatika nusu papo hapo.

Usipambane na bati. Intaneti iingie bandani kwa waya, halafu ndani uweke kiruta kidogo kirushe waifai humo humo. Ukifanya hivyo bati linageuka rafiki, waifai ya jirani haiingii kukusumbua.

Ila kabla hujanunua chochote nifanyie kitu kimoja. Pakua programu yoyote ya kupima waifai kwenye Android, ile inayoonyesha namba yenye hasi mbele, usiangalie vipau, vipau vinadanganya. Pima nje mbele ya mlango, pima ndani mlango wazi, pima ndani mlango umefungwa. Lete namba hapa.

mbabe_wa_kigamboni

Fundi umemaliza. Mi nilishawahi kukaa kwenye kontena la futi 40 tulilogeuza ofisi, kila mtu alikuwa anafanya kazi amekaa mlangoni. Boss anauliza mbona mnapenda upepo.

MamaTrei88

Nimepima kaka. Nje mbele ya mlango hasi 61. Ndani mlango wazi inacheza hasi 72 mpaka 74. Nikafunga mlango nikasimama karibu na mashine ikasoma hasi 86 halafu ikapotea kabisa. Ndo mbaya?

fundi_waya

Hasi 61 ni nzuri tu, kwa hiyo ruta yako haina kosa, mita zote 55 inafika. Ikivuka 67 video inaanza kusuasua, ikifika themanini na kitu hamna kitu hapo. Na hizo namba hazipungui kama za kwenye rula, kila ukishuka 10 nguvu inagawanywa kwa 10. Toka 61 mpaka 86 umepoteza zaidi ya mara 300, na umbali uliotembea ni hatua tano tu. Hilo ni bati lako linafanya kazi yake.

Waya sasa. Kebo ya Cat6, ile ya shaba ya mtandao, inaruhusiwa mpaka mita 100, wewe ukijumlisha kupanda ukuta na kushuka utakuwa kwenye 70 au 75, unatosha. Nunua ya nje yenye ganda jeusi, ile ya ndani jua la Pwani linaipasua mwaka haujaisha. Ukifika dukani kwangua kidogo waya kwa kisu, ukiona ndani unang'aa mweupe hiyo ni alumini imepakwa shaba juu, iache hapo hapo hata wakushushie bei, inavunjika kwenye kichwa na umbali huo itakusumbua. Shaba ni nyekundu mpaka katikati.

Naivasha_Greens

Sasa dada. Mimi niko Kenya, nina stoo ya mabati shambani na haiko karibu, ni mita 300 hivi kutoka kwa nyumba na katikati kuna barabara ya watu, kuchimba haiwezekani. Nilifunga zile antena mbili za kuangaliana, moja kwa nyumba moja kwa stoo, yangu ni TP-Link CPE510. Ile ya stoo iko nje juu ya mlingoti, si ndani, halafu kutoka kwa hiyo antena unashusha kebo inapita kwa tundu kwa mabati inaingia kwa ruta ya ndani. Imekaa mwaka wa pili na mvua imenyesha imechoka. Kitu ya muhimu ni zionane, usiweke mti katikati. Mimi mwaka wa kwanza niliweka vizuri, halafu mparachichi wa jirani ukaota majani net ikaanza kuenda slow nikidhani ni kampuni.

Lakini kwa mita 55 na kama uwanja ni wako, chimba tu. Antena ni ya mtu hana njia.

kichwa_ngumu

Kuna vile viadapta vya kupitisha intaneti kwenye waya wa umeme, unachomeka kimoja sebuleni kingine bandani. Huchimbi hata sentimita.

fundi_waya

Vipo na vinafanya kazi, ila ni bahati nasibu. Banda lazima liwe limechukua umeme kwenye mita ile ile ya nyumba, na uchomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, ukipitisha kwenye ekstenshen yenye kinga ya umeme ile kinga inachuja na mawasiliano yenyewe. Sasa humo bandani kuna hita inawaka na kuzima kila baada ya dakika kadhaa, kuna feni, kuna mota ya kugeuza trei, zote zinatia kelele kwenye waya. Kama una rafiki anavyo azima ujaribu, usinunue kwanza. Kwa kitu cha kukuamsha usiku mayai yasiungue mi nisingekitegemea.

Mzee wa Bukoba

Habari zenu vijana. Nimesoma yote nasikitika hakuna aliyetaja radi.

Huku kwetu ziwani radi sio hadithi. Miaka michache nyuma nilitandika waya wa shaba wa mtandao toka nyumba kubwa kwenda stoo ya kahawa, mita 40 tu, tena kazi nzuri kabisa kwenye bomba. Siku moja mchana radi ikapiga mti wa jirani, haikutupiga sisi, jirani. Matundu manne ya ruta yakafa yote, swichi ya mtandao ya stoo ikafa, na kompyuta ya binti yangu iliyokuwa imechomekwa kwa waya ikafa na yenyewe. Televisheni ikapona sababu ilikuwa haijachomekwa. Waya mrefu wa shaba ukiunganisha nyumba mbili unakuwa daraja, radi ikitua karibu ardhi ya hapa na ardhi ya pale zinakuwa na volti tofauti na zile volti zinatafuta njia, na njia umezitandikia wewe kwa hela yako. Tena dada yetu jengo lake lote ni la chuma.

Nilivyorudia niliweka faiba. Ile ni kioo, umeme haupiti. Unanunua kebo ya faiba iliyokwisha fungwa vichwa kiwandani, unaambiwa mita ngapi, na viboksi viwili vya kubadilisha, kimoja kila upande, huku inaingia kebo fupi ya ruta huku inatoka faiba. Ukijumlisha hela haizidi sana ile Cat6 ya shaba halisi, kwangu tofauti ilikuwa kama ya mfuko mmoja wa sementi.

Mambo matatu niliyoyajua kwa kuumia. Viboksi vinauzwa A na B, A inatuma mwanga wa nanomita 1310 na kupokea 1550, B kinyume chake, ukichukua A mbili zitaangaliana kama mabubu. Vichwa vya faiba vina rangi, bluu na kijani, cha kijani kimekatwa mshazari, usikichomeke kwenye tundu la bluu hata kama kinaingia, na kinaingia kweli. Tatu, faiba nyingi za mtaani zina waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia kwenye nguzo, huo ukate uishie nje, la sivyo umerudisha lile daraja. Na usichungulie ncha ya faiba ikiwa imewashwa, mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini jicho linaupata.

fundi_waya

Shikamoo mzee. Nakubali, nilitakiwa nilitaje hilo. Dada kama mfuko unaruhusu fuata ya mzee. Shaba ibaki ndani ya jengo.

Mzee wa Bukoba

Marahaba. Na huyo dada amwite fundi umeme aangalie kama hilo banda lina ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Mabati yote yale, waya mmoja ukichubuka ukagusa bati, mlango utampiga mtoto.

MamaTrei88

Mzee shikamoo. Ethi sijui kama ipo, nitamwita. Kwa kweli hapa ndo nimeelewa. Swali la mwisho nisiwachoshe, hiki kiruta cha ndani, si nina ruta ya zamani ya kampuni tuliyohama, naweza kuitumia?

fundi_waya

Inafaa sana. Usichomeke waya kwenye lile tundu la rangi tofauti, chomeka kwenye moja ya yale manne yanayofanana. Ingia kwenye mipangilio uzime DHCP, maana mkiwa na ruta mbili zote zinagawa anwani ni kama nyumba yenye mama wakwe wawili. Ipe anwani yake, kama ruta kubwa ni 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2. Jina la waifai lipe tofauti, "Banda" inatosha, ili ujue umeshika ipi. Na usiifunge juu karibu na paa, saa saba mchana chini ya bati ni tanuri, ruta inajizima unadhani mtandao umekata. Weka usawa wa kiuno, mbali na mashine.

MamaTrei88

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano sasa. Naandika kirefu maana nimeona nyuzi nyingi mtu anasaidiwa anapotea.

Nilienda Kariakoo na karatasi. Duka la kwanza kijana kanifungia viboksi viwili haraka haraka, nikamwambia fungua nione, vyote A. Nikamwambia nataka A na B akaniangalia kama nimetoka sayari nyingine, akaenda nyuma kukaa dakika kumi akarudi na B. Mzee wa Bukoba Mungu akupe maisha marefu. Faiba nilichukua ya mita 80 vichwa vya bluu pande zote, ya vichwa vya kijani ilikuwa rahisi zaidi na walikuwa wanaisukuma sana, nikakataa.

Mtaro tulichimba na mdogo wangu siku mbili, kina cha goti kasoro kidogo, tukalaza bomba jeusi la maji la inchi moja badala ya lile la umeme sababu limekuja roli zima halina viungo vya kuingiza maji, na panya wakija wakute bomba kwanza. Sasa kazi ikawa kupitisha faiba ndani ya bomba mita 60 limeshafukiwa. Tulisukuma ikagoma kwenye mita ya ishirini hivi, nikaogopa kuikunja. Jirani yetu anaziba pancha akasema nyie mnahangaika bure, akaja na kompresa yake. Tukafunga uzi wa mshipi kwenye kipande cha mfuko wa nailoni, kuna mmoja ulikuwa umebaki kwenye kabati tangu kabla ya katazo la 2019 msinishtaki, tukaukunja kama mpira tukauingiza kwenye bomba, akaweka upepo na tambara kuziba pembeni. Ulipiga fyuuu ukatokea upande wa pili ukampata mdogo wangu shingoni. Sekunde nne. Baada ya hapo uzi ukavuta kamba ya katani, kamba ikavuta faiba, kichwa chake tumekivisha kidole cha glovu na kukizungushia selotepu. Jirani hakutaka hela, alitaka mayai.

Ule waya wa chuma wa pembeni tuliukata pande zote mbili kabla ya kuingia ndani.

Taa za viboksi ziliwaka mara ya kwanza nikapiga kigelegele peke yangu. Lakini furaha ikaishia hapo maana simu ilipata intaneti bandani vizuri kabisa na sensa ikakataa. Masaa mawili. Sensa inapepesa, programu inasema haioni. Kumbe sensa hizi zinajua 2.4 tu, na ile ruta ya zamani ilikuwa inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, simu yangu inashika 5 halafu inaitafuta sensa haionani nayo. Nikazima 5 kabisa kwenye ruta ya banda, sensa ikaingia dakika moja. Sijairudisha tena, kuku hawahitaji spidi.

Fundi umeme alikuja pia. Ethi haikuwepo. Ile iliyoandikwa kwenye risiti ya aliyejenga haikuwepo. Kapigilia nondo ya shaba kwenye udongo karibu na bomba linapodondokea maji kaunganisha na mabati.

fundi_waya

Safi sana dada, hiyo ya kompresa naichukua. Swali, umeme ukikatika?

MamaTrei88

Hapo ndo nilipotaka kufika. Usiku wa siku ya tisa umeme ulikata, jenereta nikawasha mashine ikaendelea lakini sensa ikakaa kimya kama dakika tano, ruta ya sebuleni inajiwasha, kiboksi kinajiwasha, ruta ya banda inajiwasha, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Dakika tano sio nyingi ila mi nimeshaumwa na nyoka. Nikanunua vile vibetri vya ruta vyenye matundu ya volti 12, 9 na 5, kimoja nyumbani kimoja bandani, ruta inakula 12 na kiboksi kinakula 5 kwenye kibetri hicho hicho. Sasa umeme ukikata intaneti haijui.

Na ilishanilipa. Siku ya 16 saa nane usiku simu ikapiga kelele, nimeiseti ilie joto likizidi 38.3. Nikafungua kamera nikaona taa ya feni imezima. Nilikimbia na kanga moja. Mkanda wa feni ulikuwa umechomoka kwenye gurudumu lake, nikafungua milango ya mashine joto likapungua, nikaurudisha kwa mkono, dakika ishirini imerudi 37.7. Ningelala mpaka asubuhi ingekuwa yale yale ya mwezi wa tatu.

Wametoka 812.

mbabe_wa_kigamboni

812 toka 61! Kanga moja ilistahili 😂

Naivasha_Greens

Hongera mama. Hiyo ya kuzima 5 nimejaribu kwa sensa yangu ya stoo saa hii imeshika. Imekuwa kwa boksi tangu Januari.

Mzee wa Bukoba

Hongera binti. Huo mkanda nunua mpya, usiurudishe tena kwa mkono. Na wa akiba utundike ukutani.

kichwa_ngumu

Dada hao ni chotara au kienyeji? Mi niko Chalinze nahitaji 100, unauza shingapi na usafiri unakuwaje?